Honorable Hana Hatia

Jumapili, tarehe 2 Julai

"Syauswa hana mafua, wala hakulishwa sumu. Syauswa ana aleji ya paka." Syauswa ni mimi, na ndivyo alivyotangaza Josaphat leo baada ya misa, nje ya kanisa, mbele ya wanakwaya, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya ndoa. Josaphat! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mwenye duka la dawa. Mtu ambaye hajawahi kumaliza maandishi yoyote isipokuwa yale yanayokuja ndani ya boksi la vidonge.

Ninakanusha. Kwanza, bibi yangu kule Masereka alilala na paka ghalani, juu ya maharagwe, akazeeka hadi akasahau umri wake, na mpaka mwisho alipuliza moto kwa pumzi zake mwenyewe. Damu yake ndiyo yangu. Pili, aleji ni ugonjwa wa watu wenye mazulia. Sisi wa mtaa wa Vulamba tuna sakafu ya simenti. Tatu, paka mwenyewe ni Honorable.

Nieleze, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishafariki. Honorable aliletwa kutoka Masereka ndani ya gunia la viazi, mdogo kama kiazi. Nilimpa jina hilo la waheshimiwa wabunge kwa sababu analala mchana kutwa, anakula vya wengine, na akifungua kinywa nyumba nzima inanyamaza ikidhani ana neno. Ana rangi ya majivu na kola nyeupe. Nikiandika makala yangu ya redio, hukaa juu ya karatasi. Nikilala, hulala juu ya kifua changu. Katika Butembo yote ndiye peke yake anayenisikiliza mpaka mwisho.

Ni kweli ninapiga chafya. Macho yanawasha, yamekuwa mekundu. Asubuhi kifua kinapiga filimbi. Vumbi la kiangazi! Malori yanapita, vumbi linapanda. Basi.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Tangu miaka ile ya Ebola, katika mji wetu mtu mwenye macho mekundu hukaa peke yake. Leo kanisani benchi zima lilihama. Nilipata nafasi ya kunyoosha miguu, sikatai. Lakini Jumamosi ya tarehe 15 wakwe wanakuja kutoka Beni kuleta mahari ya Ornella, na msemaji wa ukoo ni mimi. Wakiyaona macho haya, watageuza gari.

Jumatatu, tarehe 3 Julai

Ornella ni binti wa marehemu mdogo wangu. Amekulia mikononi mwangu, ananiita baba. Hotuba ya kumkabidhi niliianza siku aliyojifunza kutembea. Sasa imejaa kurasa zisizobanika kwa pini. Ndani yake mna historia ya ukoo, uchambuzi wa ndoa za siku hizi, na shambulio fupi juu ya serikali ya mkoa.

Leo Florentine, mke wangu, ameniambia wazi huku akichambua maharagwe: Baba Ornella, kama Jumamosi ile hautakuwa na sauti, Josaphat ndiye atasema.

Josaphat! Sasa nimeuona mchezo wote. Anaanza na paka wangu ili amalizie na kiti changu.

Mchana nikatekeleza mpango wa kwanza: nilimwagia maji barabara yote mbele ya nyumba ili kuua vumbi. Pikipiki ya kwanza iliteleza. Ya pili ikaiangukia ya kwanza. Hakuna aliyeumia, ila nimeitwa majina ambayo sikuyajua, mimi niliyesoma kamusi. Na bado nilipiga chafya.

Jumatano, tarehe 5 Julai

Wazo kubwa! Nashangaa lilikaa wapi.

Josaphat anasema ni paka. Vizuri. Nitamwondoa paka. Nitaendelea kupiga chafya. Dai la Josaphat litakufa hadharani, nami nitalizika kwa heshima zote.

Nimemwita Musafiri, rafiki yangu, msafirishaji wa mizigo kati ya hapa na Beni. Mke wake Nasiba ni fundi wa suti za harusi, na anapenda paka kuliko anavyowapenda wateja. Nilimtia Honorable katika katoni yenye matundu. Alinitazama kupitia tundu moja, kwa jicho moja. Machozi yalinitoka. Musafiri akaniuliza: Muzee, unalia sababu ya pusi? Nikajibu upesi: hapana, ni aleji.

Niliuma ulimi. Kwa bahati Josaphat hakuwa karibu.

Kabla ya kuondoka Musafiri alinipima mabega na mikono kwa kamba. Eti Nasiba anataka kujua kama nimenenepa. Watu wa Beni na udadisi wao!

Ijumaa, tarehe 7 Julai

Musafiri amepiga simu. Kwenye kizuizi cha Kalunguta katoni ilianza kupiga kelele. Mwanajeshi akaja na bunduki, akauliza kwa Kilingala: Oyo nini? Musafiri akajibu kweli tupu: ni Honorable. Mwanajeshi akasimama wima, akapiga saluti, kisha ndipo akafikiri. Sijawahi kusikia habari iliyonifurahisha hivyo tangu uhuru wa vyombo vya habari.

Honorable amefika salama. Nasiba anasema amekataa kikapu alichotandikiwa, amejichagulia meza ya kushonea. Analala juu ya kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyomo dukani. Nilimtambua hapo hapo. Ana ladha.

Na mimi? Nimepiga chafya asubuhi yote! Ushindi! Nilimwita Josaphat aje ashuhudie. Nikapiga chafya mbele yake, moja baada ya nyingine, kwa fahari, kama mizinga ya sikukuu. Nikamuuliza: paka yuko wapi, shemeji? Yuko Beni! Na ugonjwa uko wapi? Uko hapa!

Hakutetereka. Alikitazama kiti changu, pazia, godoro. Akasema, na lile 'lakini' lake la Kifaransa: Paka amekwenda, mais vitu ya paka imebakia mu nyumba.

Nilicheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kikageuka kitu ambacho sina jina lake, mlango wa kifua ukajifunga kutoka ndani. Florentine alinikalisha, akafungua madirisha yote. Josaphat aliacha kubishana. Hilo lilinitia hofu kuliko kikohozi chenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Julai

Mazoezi ya hotuba. Florentine alikaa upande huu kama wakwe, Ornella akakaa kama Ornella. Nilisimama. Nikasema: "Wapendwa wakwe." Kifua kikajibu kwa filimbi. Nikasema tena. Filimbi tena, ndefu zaidi, kama refa aliyekasirika.

Florentine alifunga midomo yake ili asicheke, kisha akaifunga ili asilie. Namjua. Midomo ni ile ile, macho ndiyo tofauti.

Ornella alikuja akanishika mkono. Alisema: Baba, mimi nataka sauti yako siku ile. Sauti ya mjomba, tonton Josaphat, ni muzuri, mais hapana ile iliniimbia nikiwa na surua.

Niliikunja hotuba kabla ya kuimaliza. Ni mara ya kwanza mwaka huu.

Kesho nitakwenda kwa daktari. Kwa siri. Nitapita njia ya sokoni.

Jumatatu, tarehe 10 Julai

Ninaandika polepole, maana kichwa changu kimejaa.

Docteur Virginie ni mwanamke mkali. Kliniki yake ina kiti kigumu kwa makusudi. Aliuliza kwanza: Wakati wa Pasaka ulikaa Masereka, ulipiga chafya? Nikasema hapana, ni hewa ya mlimani. Akauliza: Uliporudi nyumbani, ilianza lini? Nikasema jioni ile ile. Akauliza: Jioni ile ulifanya nini? Nilikumbuka. Nilimbeba Honorable, nikausugua uso wangu kwenye shingo yake kwa namna ambayo mwandishi wa makala za siasa hapaswi kuonekana. Nikamwambia docteur kwamba sikumbuki.

Aliandika kitu. Alikuwa amenisoma mpaka ndani.

Kisha akaeleza, na hapo ndipo niliposahau kubisha. Si manyoya, alisema. Kila mtu analaumu manyoya. Ni kitu kilichomo katika mate ya paka na katika ngozi yake. Paka hujilamba, mate yanakauka, ngozi inapukutika vipande vidogo kuliko vumbi, vinapaa. Havianguki! Vinaelea hewani saa nyingi. Vinashika pazia, godoro, kiti, nguo. Paka akiondoka, vyenyewe vinabaki kwa miezi. Vinapanda juu ya makoti ya watu na kuingia katika nyumba ambazo paka hajawahi kukanyaga. Viko shuleni. Viko kanisani.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba tena, akatazama saa.

Lakini ajabu gani hii! Mimi nimepambana na mameya, nimepambana na wakurugenzi, barua zao za vitisho ninazifungia maandazi. Na kitu kisichoonekana, kilichotoka kwenye ulimi wa mnyama anayelala, kimenishika koo. Mwili wangu ndio unaoanza vita, anasema docteur. Kitu chenyewe hakina ubaya. Mwili unakiona, unapiga kengele, unatuma jeshi lote, unavunja nyumba yake ili kumfukuza mgeni asiye na silaha. Namjua mtu mmoja anayeishi hivyo hivyo.

Maagizo yake: vidonge vya kila siku. Pompe ndogo ya kuvuta kinywani kifua kikibana, nayo isiwe mbali nami. Pazia na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, maana ufagio unarusha yote hewani. Paka akirudi, asiingie chumba cha kulala kamwe. Na filimbi ya kifuani si mchezo, alisema. Nimezika watu waliofikiri ni mchezo.

Pompe inapatikana katika duka moja tu mtaani. Nadhani Mungu naye husikiliza redio yangu.

Nilimwambia Josaphat kwamba ni ya mtu mmoja mkubwa, asiyetaka kutajwa. Aliifunga katika karatasi bila kutabasamu. Akasema: Basi umwambie huyo mutu mukubwa atikise kwanza, mbele ya kuvuta.

Jumanne, tarehe 11 Julai

Florentine na Ornella wameng'oa kila kitambaa nyumbani. Godoro liko juani. Kiti changu nilikiosha mwenyewe, kwa brashi, kama ng'ombe wa maonyesho.

Asubuhi, kabla hawajaanza, jua liliingia kupitia tundu la bati na kusimama katikati ya chumba kama fimbo ya dhahabu. Ndani ya fimbo ile kulikuwa na mji mzima. Maelfu ya vitu vidogo vinapanda, vinashuka, vinapishana bila kugongana, vizuri kuliko pikipiki za Butembo. Nimeishi katika nyumba hii miaka mingi nikidhani ndani ya hewa hamna kitu. Kumbe nilikuwa nikivuta ulimwengu. Na mahali fulani kati yao, Honorable. Hayupo, lakini yupo. Nilivua kofia.

Kisha nikapiga chafya, na mji wote ukatawanyika.

Alhamisi, tarehe 13 Julai

Ninapumua! Macho ni meupe. Nimesoma hotuba yote kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na jirani amekuja kuuliza kama kuna uchaguzi.

Florentine anasema ni vidonge na kufua. Nimemwacha aamini. Mimi najua ni ndimu niliyosukutua na nia thabiti.

Pompe nimeiacha kwenye droo. Inatunisha mfuko. Msemaji wa ukoo hawezi kusimama mbele ya wakwe akiwa na mfuko unaotiliwa shaka.

Jumamosi, tarehe 15 Julai

Imepita.

Wakwe walifika na mbuzi, vitenge na nyimbo. Mbele alikuwa shangazi wa kijana, mama Victoire, msemaji wao. Huyu alizunguka nyumba kwa nyumba kule Beni akitafuta wagonjwa wakati wa Ebola, na mpaka leo hutazama macho ya mtu kabla ya kumpa mkono. Aliyatazama yangu. Meupe kama maziwa! Akanipa mkono. Kijana mwenyewe, Élysée, alikuwa akitokwa jasho kwa adabu.

Katika ukoo wetu, anayekaa mahali pa baba huletewa koti, na lazima alivae kabla ya kujibu. Asipolivaa, ni kama amewafukuza. Mama Victoire alilifungua. Kitambaa cha rangi ya wino, bitana ya kung'aa. Lilinikaa kama ngozi yangu. Nikajiuliza vipimo walivipata wapi. Akatangaza kwa majivuno: limeshonwa na fundi Nasiba, hakuna zaidi yake Beni yote.

Juu ya kola kulikuwa na kitu chembamba, rangi ya majivu. Nilidhani ni uzi.

Nilisimama. "Wapendwa wakwe." Sauti ilitoka kama kengele ya kanisa kuu! Nilimwona Ornella akifumba macho ili asikie vizuri. Nikafika kwa babu yangu. Pua ikawasha. Nikafika kwa ndugu wa babu. Chafya. Nyingine. Machozi yakaanza kutiririka, na akina mama wa upande wao wakatikisa vichwa kwa huruma: angalia namna anamupenda mutoto! Nilitaka kuwaacha waamini. Kisha kifua kikafunga mlango.

Mama Victoire akayaona macho yangu. Aliinua mkono mmoja tu. Viti vya upande wao vikarudi nyuma kwa pamoja, vikikwaruza simenti. Mtu akauliza maji ya klorini yako wapi. Mama yake Élysée akamshika mwanawe mkono, akamvuta. Élysée hakuuachia mkono wa Ornella. Kijana yule alisimama katikati akivutwa huku na huku kama pazia.

Josaphat, aliyejua paka yuko kwa Nasiba, akaruka. Akapaza sauti: Ni paka! Mvueni koti!

Mama Victoire akazungusha macho nyumbani mwetu, nyumba iliyofuliwa mpaka bati. Akasema: Paka gani? Mimi hapana kuona paka hapa. Kisha akanigeukia: Tata, sema weye. Unaumwa nini? Tuna batoto mu gari. Sema kweli.

Wote walinitazama. Hewa iliyobaki kifuani ilitosha maneno machache tu, na nilijua ni yapi. Ningeweza kusema vumbi. Nilimwona Ornella. Hakunitazama machoni. Alikuwa akitazama kifua changu, kama anayekihesabia pumzi.

Nikasema: "Ni paka. Josaphat alisema kweli."

Mbele ya wanakwaya! Walikuwa wamealikwa wote.

Walinivua koti. Florentine akatoa pompe ndani ya mkoba wake. Mwanamke huyu huifungua droo yangu lini? Josaphat akaitikisa, akaniwekea kinywani, akasema vuta, shemeji, vuta polepole. Nikavuta.

Sijui niandike vipi. Mlango ulifunguka. Si wote, upenyo tu, na kupitia upenyo ule ikaingia hewa. Hewa! Ile ile ya Vulamba, yenye moshi wa makaa na harufu ya mbuzi. Nimeivuta maisha yangu yote bila kuisalimu. Nilikaa pale kama mtu aliyeonyeshwa bahari kwa mara ya kwanza.

Mama Victoire aliuchukua ule uzi kwenye kola, akauinua juani. Haukuwa uzi. Musafiri, aliyewaleta wakwe, akapiga paji la uso: Honorable! Alilala juu ya hii koti juma muzima! Ilibidi aeleze, na alipofika kwenye saluti ya Kalunguta, mama Victoire alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. Viti vilirudi mbele, kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa chake.

Wakamwambia Josaphat amalizie hotuba. Kiti changu! Alikuwa amekipata. Alisimama, akafunga vifungo, akasema: Tutamungojea mwenyewe.

Wakaningoja. Nyumba nzima ya watu, pande mbili, wakingoja pumzi ya mtu mmoja irudi. Hata mbuzi walinyamaza. Nilikuwa nimebeba kurasa zote zile. Nikasimama bila hata moja, nikasema: "Huyu ndiye aliyekuwa akiniamsha asubuhi. Mtunzeni." Nikakaa.

Josaphat ndiye aliyelia kwanza. Sijui alikuwa na aleji ya nini.

Jumapili, tarehe 16 Julai

Kanisani benchi langu lilijaa. Nilibanwa mpaka goti likafa ganzi. Baada ya misa nilimpa Josaphat mkono, hadharani. Hakusema neno la ushindi. Alinipa pompe ya pili bure, iwe ya akiba. Mtu huyu ana moyo mkubwa na nimekuwa mjinga. Niandike hili kwa wino mzito ili lisifutike.

Jumanne, tarehe 18 Julai

Nimelifikiria upya.

Tusikimbilie kukata shauri. Kwenye koti kulikuwa na unywele mmoja wa paka. Mmoja! Na docteur mwenyewe alisema si manyoya. Lakini fundi hutumia nini kuchora kitambaa? Chaki! Koti zima lilichorwa kwa chaki, ndani na nje, kisha likapigwa pasi ya makaa mpaka chaki ikaingia kwenye nyuzi. Nilikubali ni paka kwa sababu ya hali ya dharura, na ungamo la mtu asiye na hewa halina nguvu mbele ya sheria.

Nimempigia simu Musafiri. Honorable amerudi leo, kwa gari la mchana. Nasiba alilia. Amenenepa, ana mwendo wa mtu aliyekaa ughaibuni. Aliikagua nyumba iliyofuliwa, akaidharau, akapanda kitandani. Sasa yuko juu ya kifua changu, ananguruma, na mngurumo wake unapita mbavuni mwangu kama jenereta ya jirani mwema. Dunia ina maajabu. Macho yanawasha kidogo. Ni chaki iliyobaki.

Kwa hiyo ninawaambia ninyi, mafundi wa nguo wote wa Beni: acheni chaki! Choreni kwa sabuni. Mnaua wasemaji wa nchi hii.

Na wewe, Florentine, kwa kuwa sasa najua unafungua droo na shajara hii hukaa humo: niletee pompe, upesi. Itikise kwanza. Na ingia polepole, Honorable amelala.